Chupa 18 za losheni ya jua

Haya jamani, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuzungumze habari ya losheni ya jua, ile ambayo wauza vipodozi wa hapa Sinza wanaiita sanskrini. Najua kuna watakaoguna. Losheni ya jua kwa Mbongo? Si mambo ya watalii wanaojianika ufukweni Kigamboni? Subirini, twende taratibu, maana mwishoni kuna hesabu, na hesabu yenyewe inagusa mfuko wangu na maisha ya mtu ninayempenda.

Tuanze na jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Kuna kipimo kinachotumika dunia nzima kuonyesha ukali wa mionzi ya jua. Kinaanzia 0, na kikifika 11 kinaitwa cha kupindukia. Kwetu, adhuhuri ya miezi ya joto, kuvuka 11 ni jambo la kawaida tu. Wingu jepesi halizuii sana. Kioo cha daladala nacho kinazuia mionzi inayounguza, ile ya UVB, lakini kinapitisha sehemu kubwa ya UVA, ambayo inazeesha ngozi na kukoleza madoa.

Sasa, mtu mweusi kama mimi nina kinga ya kuzaliwa. Rangi ya ngozi, melanini, inafanya kazi ya mwavuli. Watafiti walikadiria tangu mwaka 1979 kwamba ngozi nyeusi inajikinga yenyewe kama vile imepakwa losheni ya SPF 13 hivi, wakati ngozi ya mzungu inafikia kama 3 tu. Kwa hiyo mimi nikitembea kutoka Kijiweni hadi Mori saa saba mchana siungui. Kinachonisumbua ni madoa ya chunusi, ambayo jua linayafanya yagome kuondoka. Ni kero, lakini sifi.

Mdogo wangu ana ualbino. Mwavuli huo hana.

Tangu Januari tunaishi naye hapa Sinza, vyumba viwili, choo cha nje. Amekuja mjini kusoma upimaji ardhi. Ndiyo, upimaji ardhi, kazi ya kusimama porini na kwenye viwanja visivyo na mti mchana kutwa. Alipochagua kozi hiyo ukoo mzima ulikaa kikao. Mjomba alisema wazi: “Mwacheni asome uhasibu, akae ofisini, jua halitamkuta.” Mama alinyamaza, na mama yetu akinyamaza ujue ana hofu. Mdogo wangu akajibu kwa upole kwamba ramani amezipenda tangu darasa la nne, na uhasibu haujawahi kumuita.

Watu wanauliza pia habari ya macho. Ni kweli, watu wengi wenye ualbino hawaoni mbali vizuri, na mwanga mkali unawasumbua. Lakini vipimo vya siku hizi vinapokea ishara za setilaiti na kukuandikia majibu kwenye skrini, na skrini unaikuza herufi utakavyo. Kazi ya kuona mbali anaachiwa mwenzake. Wamegawana hivyo darasani na wanakwenda vizuri. Tatizo lililobaki ni ngozi.

Na tatizo hilo si dogo. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha utafiti wa watu 350 wenye ualbino waliofuatiliwa hapa Dar es Salaam. Watoto wa chini ya miaka 10 tayari walikuwa na ngozi zilizoharibiwa na jua. Saratani ya ngozi ndiyo inayoondoa watu wengi wenye ualbino katika nchi zetu, na inawaondoa wakiwa vijana. Sisi waandishi tuliandika sana mauaji ya watu wenye ualbino, na tulipaswa kuandika. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alihatarisha maisha yake kufichua waganga waliokuwa nyuma ya biashara ile. Lakini jua halina kichwa cha habari. Linaua polepole, kidonda kimoja sikioni, kingine mdomoni, na hakuna polisi wa kufungua jalada.

Basi mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi, yanaanza Jumatatu. Wiki 8, siku 6 kwa wiki, jumla siku 48. Mdogo wangu akaniambia: “Dada, wewe ni mwandishi, chunguza. Ipi tutaimudu?” Nikachunguza.

Nilinunua tatu. Majina siyataji, maana anayesoma leo atakuta bei nyingine kesho, na nia yangu ni kuwapa namna ya kupima kuliko jina la kukariri.

Ya kwanza ni kichupa cha mililita 50, SPF 50, Sh 15,000, nimekinunua Sinza Madukani. Ya pili ni chupa ya mililita 200, SPF 50, Sh 38,000, kutoka duka la dawa barabara ya Shekilango. Ya tatu ni losheni ya kawaida ya mwili, chupa kubwa ya mililita 400, Sh 12,000, ambayo kwa mbele imeandikwa kwa maandishi madogo “SPF 15”.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Sikumsimamisha mdogo wangu juani ili nione ipi inaunguza. Ngozi ya mtu si maabara. Tulipima yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyapima akiwa nyumbani: lebo, jasho, macho, sura kwenye kioo, na bei.

Lebo kwanza. SPF inahesabu UVB tu. SPF 15 ikipakwa sawasawa inapitisha kama asilimia 7 ya mionzi hiyo, SPF 30 asilimia 3, SPF 50 asilimia 2. Mnaona kwamba kutoka 30 kwenda 50 tofauti si kubwa kama namba zinavyotisha, lakini 15 na 30 ni habari mbili. Kwa UVA tafuta herufi hizo zilizozungushiwa duara, au PA yenye alama za kujumlisha tatu au nne. Ya kwanza na ya pili zilikuwa nazo. Ya tatu haikuwa na kitu, kwa hiyo kwa mdogo wangu ikatoka mchezoni hapo hapo. Mimi naitumia miguuni nikitoka kuoga, na inanukia vizuri.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu kile kikopo kidogo kilichochorwa kifuniko wazi na kuandikwa 12M au 6M: hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Na mtazame muuzaji anaiweka wapi. Chupa iliyokaa wiki tatu juani kwenye kioo cha mbele cha duka usiinunue hata ukipunguziwa. Joto linaiharibu.

Jasho na macho. Tulipaka zote mbili tukapanda daladala kwenda Kariakoo na kurudi, tumesimama, abiria wamebanana. Ya kwanza ilianza kuteremka kwenye nyusi kabla hatujafika Magomeni, na macho yakawasha. Kwa mtu anayetegemea kusoma skrini hilo ni jambo zito. Ya pili ilitulia. Imeandikwa inastahimili maji, dakika 80, na kusema haki ilijitahidi.

Sura. Ya pili ina zinki, na zinki kwenye ngozi nyeusi jamani! Nilifanana na mtu aliyetoka kuchekecha unga wa sembe. Konda aliniangalia mara mbili. Kwa mdogo wangu haionekani kabisa. Ya kwanza kwangu haionekani, nzuri kabisa kwa ofisini. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja tumepata majibu mawili: mimi nachukua kichupa kidogo kwa madoa yangu, yeye chupa kubwa. Wenye madoa yanayogoma kama mimi, zile zenye rangi ya kahawia ndani yake zinasaidia zaidi, kwa sababu madini ya chuma yanayoipa rangi hiyo yanazuia hata mwanga wa kawaida, ambao nao unakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi.

Sasa bei, na hapa ndipo nataka tukae. Kichupa cha Sh 15,000 kinaonekana rahisi. Gawanya: Sh 300 kwa mililita. Chupa ya Sh 38,000 inaonekana ghali. Gawanya: Sh 190 kwa mililita. Ile “rahisi” ndiyo ghali.

Bado hatujafika. Ile namba ya SPF inapatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa lugha ya jikoni, kijiko kimoja cha chai kwa uso, masikio na shingo, na kijiko kimoja kwa kila mkono kuanzia begani hadi vidole. Watu wengi hujipaka chini ya nusu ya hapo, halafu wanasema losheni haifanyi kazi. Na unarudia kila baada ya saa mbili, zaidi kama unatoka jasho.

Mdogo wangu akachukua kalamu. Yeye ndiye mtu wa vipimo. Kazi inaanza saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kupaka saa 1, saa 3, saa 5, saa 7 na saa 9: mara 5 kwa siku.

Akiwa amevaa fulana ya mikono mifupi: uso na mikono ni vijiko vitatu, mililita 15. Mara 5 ni mililita 75 kwa siku. Mara siku 48 ni mililita 3,600. Chupa 18. Sh 684,000.

Tukanyamaza. Mshahara wangu hamuujui, na ni vizuri msiujue, lakini niwaambie tu kwamba kodi ya miezi mitatu ya vyumba vyetu haifiki hapo.

Akageuza karatasi. Akivaa shati la mikono mirefu, kinachobaki ni uso, shingo, masikio na migongo ya viganja. Kama mililita 7 kwa mara moja. Mara 5, mara siku 48, ni mililita 1,680. Chupa 9. Sh 342,000.

Akaendelea. Akiongeza kofia ya ukingo mpana pande zote, si kapelo, maana kapelo inaacha masikio na shingo, na akisimamisha kola na kuvaa glavu nyepesi, kinabaki uso na masikio. Mililita 3. Jumla 720. Chupa 4. Sh 152,000.

Kutoka chupa 18 hadi 4, na hatujabadilisha losheni. Tumebadilisha nguo.

Siku ya pili yake tukaenda mitumba ya Manzese. Mashati mawili ya mikono mirefu, kitambaa kizito, Sh 5,000 kila moja. Kofia ya turubai, Sh 7,000. Glavu za pamba, Sh 3,000. Jumla Sh 20,000. Ukigawanya ile tofauti ya Sh 532,000 kwa siku 48 unakuta kila siku ya kazi nguo hizo zinaokoa zaidi ya Sh 11,000. Zinarudisha gharama yake kabla ya siku ya pili kwisha.

Namna ya kuchagua shati: liinue kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga umepenya kirahisi, lirudishe. Fulana nyeupe nyepesi inakinga kidogo sana, na ikilowa jasho inakinga pungufu zaidi. Jinzi na kaki nzito zinakinga vizuri mno. Rangi nzito inashinda nyeupe, ingawa joto utalisikia. Na shati halihitaji kupakwa tena baada ya saa mbili.

Ndiyo maana nasema losheni ya bei nafuu kuliko zote hapa mjini imetundikwa kwenye henga Manzese. Ya chupa ni ya kumalizia pale nguo ilipoishia. Lakini isije ikaeleweka kwamba nguo inatosha peke yake. Mchanga na bati vinarudisha mwanga kutoka chini, kofia haiuzuii huo, na uso wa mdogo wangu unahitaji krimu kila siku ya maisha yake, mvua au kiangazi.

Hapo ndipo linakuja jambo la pili. Kwangu mimi losheni ya jua ni kipodozi. Kwake ni dawa, na inatakiwa isimamie pale dawa zinaposimama. Tulipokuwa nyumbani Same, krimu yake haikununuliwa dukani. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, kilichoanza mwaka 1992. Miaka ya 2010 mfamasia Mhispania, Mafalda Soto, alianzisha hapo utengenezaji wa krimu iitwayo Kilisun, SPF 30 na zaidi, akisaidiwa kwa malighafi na utaalamu na kampuni ya BASF ya Ujerumani. Imetengenezwa kwa ajili ya ngozi yenye ualbino na mazingira yetu haya, miongoni mwa wanaoitengeneza wamo watu wenye ualbino, na inagawiwa bure kupitia kliniki. Kopo linakuja na mtaalamu anayekagua ngozi na kukufundisha kupaka. Mdogo wangu alijifunza kujipaka mwenyewe nyuma ya masikio akiwa darasa la pili, na hadi leo anaanzia huko.

Kopo la mwisho alilokuja nalo mjini limekwisha. Tunafuatilia kuandikishwa huku, lakini Jumatatu ni Jumatatu. Ndipo unapoona kwamba nchi hii inajua kutengeneza krimu nzuri kabisa kwa watu wake, kazi iliyobaki ni kuhakikisha anayehama mkoa hahami na kuiacha nyuma. Ningependa kuiona kwenye dirisha la dawa la kila hospitali ya wilaya, kando ya dawa za malaria.

Neno moja kwa dada zangu wa Sinza. Mkiingia dukani mkiulizia losheni ya jua, mtaletewa “sanskrini inayong'arisha”. Geuza chupa usome nyuma. Ukiona hydroquinone, zebaki au clobetasol, hiyo ni mkorogo uliovaa kanzu. Zebaki na hydroquinone zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, si TFDA tena. Mkorogo unaivua ngozi kinga yake, halafu unaipeleka juani. Kuna vijana wanaozaliwa bila kinga hiyo wanaohesabu mililita, na kuna sisi tuliozaliwa nayo tunalipa ili tuitoe. Sina la kuongeza.

Tumenunua chupa mbili kwa kuanzia, Sh 76,000, nusu yake na nusu yangu. Mbili nyingine mwisho wa mwezi. Ameongea na kiongozi wa timu yao kwamba vipimo vya nje waanze saa 12 na nusu, halafu kuanzia saa 5 hadi saa 9 yeye afanye mahesabu na ramani kivulini, wenzake wamletee namba. Kiongozi amesema “tutaona.” Mjomba bado anasema uhasibu. Mama jana usiku alipiga simu, hakuuliza habari ya kozi, aliuliza kofia ina ukingo wa sentimita ngapi. Mdogo wangu akaipima pale pale akamjibu: 9.

Mimi nimebakiwa na kazi moja. Chupa ya kwanza, kwa hesabu yake mwenyewe, inatakiwa iishe siku ya 14 ya kazi. Nimeiandika tarehe kwenye ukuta wa jiko kwa mkaa. Ikifika siku hiyo nikaikuta bado imejaa, nitajua anajibana ili kuniokolea hela. Na hapo, jamani, tutagombana.